AFYA JIKONI: Juisi ya majani bila mashine, na jani moja ambalo haliingii humo

Mwezi uliopita tuliongea juu ya minyoo, na baada ya pale zikafika barua kadhaa, nyingi zikiuliza kitu kimoja, juisi ya kijani. Mama mmoja wa Zoni 3 ameandika hivi: "Mwalimu, mdogo wangu yuko Marekani, alinitumia kwa simu picha ya juisi ya majani. Anasema inaongeza damu na kufukuza magonjwa. Hapa Nyarugusu hatuna umeme wala ile mashine ya kusagia. Je, naweza kutwanga sombe kwa kinu, nichuje, niwape watoto?"

Mama, asante sana kwa kuuliza kabla ya kutwanga. Kuhusu sombe jibu ni hapana, na ninaanza na hilo kwa sababu haliwezi kungoja mpaka chini ya ukurasa.

Jani la muhogo likiwa bado shambani lina vitu viwili vilivyokaa kila kimoja chumba chake. Ukilitwanga vyumba vinavunjika, vitu vile vinakutana, na kinachotoka hapo ni sumu inayoitwa sayanidi. Sumu hii ni nyepesi, inaruka hewani pamoja na mvuke wakati wa kupika. Ndio maana sombe tunayokula, iliyotwangwa vizuri ikachemshwa muda mrefu, haitudhuru. Kutwanga kunaitoa sumu nje, moto unaifukuza. (Mwanzoni mwa kuchemsha usifunike sufuria, acha mvuke utoke.) Sasa mtu anayetwanga sombe mbichi, akakamua maji yake na kunywa, amefanya kazi ya kwanza akaacha ya pili. Ameitoa sumu halafu ameimeza. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, pumzi inakwenda mbio, na kwa mtoto mdogo mambo yanaweza kuharibika haraka mpaka kifo. Akinywa kwa bahati mbaya, mpelekeni zahanati saa ile ile, mkaseme wazi alichokunywa. Msione haya.

Wazee wetu wanaujua ubaya wa muhogo usiotengenezwa sawasawa. Kuna ugonjwa wa konzo, uliandikwa na madaktari kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kule Kwango, Kongo. Miguu inakakamaa kwa ghafla na haiponi tena. Ule unatokana zaidi na mizizi ya muhogo mchungu ambayo haikulowekwa siku za kutosha, siyo sombe, lakini mwenye kosa ni sumu hiyo hiyo.

Na siyo sombe peke yake. Majani ya magimbi yanawasha koo yakiwa mabichi. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya hayaliwi kabisa, hata yakipikwa. Mnavu, majani ya maharage na ya maboga ni mboga nzuri, lakini ni mboga ya sufuria. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kila kilicho kijani ni dawa.

Basi tunatumia nini? Hapa kwetu yako majani matatu yanayofaa na yanayopatikana: matembele machanga, lengalenga (wenyeji wanasema mchicha) na mlonge. Ile picha ya Marekani ina majani ambayo hata sokoni Kasulu sijui utayatafuta kwa jina gani. Tuyaache huko. Matembele na lengalenga vina vitamini A, vitamini C na foleti, na mlonge una pia protini na chokaa ya mifupa kuliko mboga nyingi. Kwa mlonge tumia majani tu. Mizizi na gome lake siyo vya kunywa, na mama mjamzito asiviguse, vinaweza kusumbua mimba.

Sasa twende jikoni. Kwa vikombe vitatu chukua konzi mbili za matembele machanga au lengalenga. Kama ni mlonge nusu konzi inatosha, maana ule ukizidi ni mchungu na watoto watakukimbia. Tafuta tango moja, au kipande cha nanasi, au machungwa mawili, kile ulichonacho. Limau moja. Tangawizi kipande kama kidole gumba. Maji yaliyochemshwa na kupoa, vikombe viwili.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe, hapana mchezo. Mboga nyingi zinalimwa bondeni, na maji ya bondeni sisi wote tunajua yanapita wapi. Osha majani mara tatu kwa maji ya bomba, jani kwa jani, halafu yachovye kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja hivi na kuyatoa. Utasema kuni hakuna. Kweli, lakini fanya hivyo saa ile unapochemsha maji ya kunywa au ya uji, moto ni ule ule. Maji uliyochovyea lengalenga yamwage. Lengalenga lina kitu kinaitwa oksalati ambacho kinashika chokaa mwilini isitumike vizuri, na sehemu yake inabaki kwenye maji hayo. Vitamini C kidogo inapotea kwa moto, lakini limau litairudisha.

Tunaogopa maji kwa sababu. Mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokuwa wanavuka kuja huku, kipindupindu kiliwakamata pale Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika, na wengine walikufa kabla hawajafika kambini. Juisi ni maji. Ukitumia maji mabaya, hata mlonge wa namna gani hautakusaidia.

Halafu kinu. Kinu kile kilichotwanga sombe asubuhi kisitwange juisi mchana mpaka umekisugua na kukimwagia maji ya moto, mchi pia. Na kama jana kilitwanga pilipili, hapo sina la kukushauri, azima kwa jirani. Twanga majani na tangawizi mpaka vilainike, ongeza tango au nanasi utwange tena, mimina maji, koroga, chuja kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa na kuanikwa juani. Mikono inayokamua kile kitambaa ioshwe kwa sabuni. Kamua limau mwisho kabisa. Sukari siyo lazima, na kwa mwenye ugonjwa wa sukari isiwepo.

Makapi usitupe. Hapo ndipo mimi sikubaliani sana na hawa wa juisi, maana wanakunywa maji na kutupa chakula. Yale makapi ndiyo yanayosaidia choo kuwa laini na tumbo kusikia limeshiba. Yatie kwenye mboga ya jioni au kwenye maharage yanayochemka, hakuna atakayejua.

Inywewe ndani ya saa moja. Friji hatuna, na joto letu hili linafanya vijidudu viongezeke haraka. Ukiona imegeuka rangi kuwa kahawia, ujue vitamini C imeshaanza kwenda zake. Nimeona vijana wanaitia kwenye chupa za plastiki na kuizungusha kutwa nzima juani wakiuza. Biashara siyo vibaya, mtu anatafuta, lakini juisi ya saa tatu asubuhi ikiuzwa saa kumi jioni ni hatari kwa mnunuzi. Tengeneza kidogo, uza, rudi utengeneze tena.

Kuna jambo wengi hawalijui. Vitamini A ya majani inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Ukinywa juisi tupu tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa inapita tu. Inywe pamoja na chakula kilichotiwa mafuta. Mawese mekundu yenyewe yana vitamini A kwa wingi, na huku Kigoma ndiko kwenye mawese, ila ukiyaunguza mpaka yawe meupe umeiua. Kwa sababu hiyo, wazazi wangu, lengalenga lililopikwa kidogo na mafuta, likakamuliwa limau mezani, kwa maoni yangu linashinda glasi ya juisi. Ninawaelekeza juisi kwa sababu mmeiomba, na kwa sababu kuna mgonjwa aliyechoka kutafuna, au kijana asiyetaka kabisa kuona mboga kwenye sahani. Kwa hao inafaa.

Sasa habari ya damu, maana ndiyo iliyowafanya wengi waandike. Wako wanaochemsha matembele, wakachanganya yale maji na nyanya ya kopo na maziwa, wakampa mgonjwa aliyepungukiwa damu. Nyanya inasaidia, vitamini C yake inasukuma madini ya chuma yaingie mwilini. Maziwa kwenye mchanganyiko huo yanarudisha nyuma, yanazuia chuma kile kile unachokitafuta. Chai vilevile: ikinywewa pamoja na chakula inazuia, ngoja saa moja. Na rangi nyekundu ya lengalenga jekundu siyo damu. Ni rangi tu.

Chuma cha kwenye majani kinaingia taratibu, kinahesabiwa kwa wiki na miezi. Malaria inamaliza damu ya mtoto kwa siku chache. Vitu hivi viwili havikimbii mbio moja. Mchukue mtoto nje penye mwanga, weka kiganja chake karibu na cha kwako, angalia. Kama chake kimekuwa cheupe, au ndani ya kope la chini pamepauka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama anapumua haraka au amelegea, usingoje hata kumaliza kupika. Atapimwa malaria, ataangaliwa minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, na akihitaji kuongezewa damu ataongezewa. Kumkalisha nyumbani siku tatu ukimnywesha juisi ukingoja arudi rangi ni kumpotezea zile siku tatu. Mama mjamzito naye, vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze kila siku. Juisi ni ya kuongezea juu yake.

Wagonjwa wa kifua kikuu, wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, wa presha na wa sukari: asiache mtu dawa hata siku moja kwa ajili ya majani. Mlonge unaweza kushusha sukari na presha kidogo, kwa hiyo ukiutumia pamoja na dawa mwambie nesi. Mwenye ugonjwa wa figo, na anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda, waulize kwanza kabla ya kunywa juisi hizi kila siku.

Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Kuanzia miezi sita mpikie mboga uiponde laini, umpe pamoja na kunyonya. Juisi ya kazi gani? Tumbo lake ni dogo, ukilijaza maji ya majani atakosa nafasi ya uji. Najua kuna mama watasema huyu mwalimu hata mtoto hana, anatufundisha kulea. Ni kweli sina. Lakini hilo la miezi sita mtaambiwa na nesi yeyote kliniki.

Mwisho, majani yatoke wapi. Mgao tuliozoea ni unga, maharage au njegere, mafuta na chumvi, mboga ya majani haimo, na mwaka 2023 wote tunakumbuka ulivyoshuka mpaka nusu. Matembele hayadai shamba. Chukua gunia kuukuu, katikati panga kokoto toka chini mpaka juu, pembeni jaza udongo uliochanganywa na samadi au majivu kidogo, toboa matundu ubavuni uchomeke vipande vya mashina ya viazi vitamu. Maji uliyooshea mboga yaishie humo humo. Baada ya wiki chache unaanza kuchuma, na ukichuma ncha tu bila kung'oa inachipua tena. Mlonge panda mmoja nyuma ya nyumba, kwa mbegu au kwa tawi, na uukate ukifika urefu wa mkono wako ili utoe matawi mengi ya chini. Mbuzi wanaupenda kuliko sisi, uzungushie miiba.

Mwenye vipande vya mashina ya viazi vya kugawia wenzake alete jina lake shuleni, nitaliandika kwenye ubao wa matangazo. Maswali ya mwezi ujao yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa kwenye sanduku lililo mlangoni mwa darasa la kwanza. Tutaongea juu ya uji wa watoto.