Baiskeli ya Staa ni Bata, ya Mkulima ni Shida? Hebu Tuongee Ukweli

Haya wadau, zile picha zimerudi tena. Helmeti kichwani, miwani ya rangi rangi, nguo za kubana, nyuma milima na mizabibu imejipanga mistari kama nywele za twende kilioni. Staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) na mdada wa Bongo Muvi (naye kapuni, ila mnamjua) wamekula bata Stellenbosch, Afrika Kusini, wakapiga picha na baiskeli za milimani kwenye mashamba ya mvinyo. Komenti ni makopa na moto tupu. "Maisha ndiyo haya," watu wanaandika.

Mie sina shida na mtu kula bata. Hela zake, mapafu yake, mapaja yake yanayouma. Shida yangu ni kwamba watu haohao wanaodondosha makopa, ukiwaonesha mzee wa Dodoma kwenye Phoenix yake, keria imebeba kreti la zabibu na dumu la maji, wanacheka. Angalieni komedi zetu za mtandaoni: mtu akitaka kuonesha mhusika kapigika, anampandisha baiskeli. Kumbe ni baiskeli ileile, vumbi lilelile, zabibu zilezile. Tofauti ni nani kapanda.

Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu hizi njia za baiskeli kwenye mizabibu, manake wengi tunaona picha tu.

NJIA HAIJIOTEI KAMA MAGUGU

Stellenbosch ni mji wa zamani sana, ulianzishwa mwaka 1679, na uko mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Cape Town. Umezungukwa na milima, na chini ya milima ni mashamba ya zabibu. Hayo mashamba yana wenyewe. Huwezi kuamka tu ukaingia na baiskeli kwa mtu. Sehemu kama Jonkershoek au Banhoek unalipia kibali kwanza, halafu unafuata njia iliyowekewa alama. Banhoek ndiyo inanifurahisha zaidi: wenye mashamba kadhaa walikubaliana njia moja ikatize kwao wote. Yaani unatoka kwa huyu unaingia kwa yule bila kufukuzwa na mbwa.

Na ile njia nyembamba mnayoiona kwenye picha, ya kupita baiskeli moja tu, kuna watu waliichimba. Lazima iinamishwe kidogo ili maji ya mvua yatoke pembeni, la sivyo mvua mbili tu inageuka korongo. Kona zinajengwa, vidaraja vinawekwa, majani yanafyekwa. Mvua ikizidi au hatari ya moto ikipanda, njia zinafungwa. Moto wenyewe sio stori za kutishana, Jonkershoek iliungua vibaya Machi 2015 na njia nyingi zikaenda nao.

Faida yake sasa? Tangu 2004 kuna mashindano yanaitwa Cape Epic. Ni siku 8, mnaendesha wawili wawili, mwenzako akichoka huruhusiwi kumtelekeza. Yanafanyika Machi, wakati zabibu zinavunwa. Watu wanatoka Ulaya, Marekani, kila kona. Na mtu wa baiskeli anakula sana, wadau! Anahitaji kitanda, fundi, chakula, mtu wa kumfulia nguo zenye tope, na akimaliza anataka chupa yake ya mvinyo aondoke nayo. Hapo ndipo hela inapoingilia. Njia ya vumbi inauza mvinyo kuliko bango la barabarani.

WASIOINGIA KWENYE FREMU

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Wasauzi wamejipanga. Lakini mastaa wetu, mkiposti, posteni yote.

Hiyo mizabibu mizuri ina historia chungu. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa mashamba ya Cape, wengi wao weusi na machotara, walikuwa wanalipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mfumo huo uliitwa "dop". Hebu fikiria unafanya kazi juani unapewa pombe badala ya hela, na mkeo hivyohivyo. Ulipigwa marufuku kisheria, lakini kuna mashamba uliendelea mpaka miaka ya 1990. Mpaka leo maeneo hayo ni kati ya sehemu zenye watoto wengi zaidi duniani waliozaliwa na madhara ya pombe iliyonywewa na mama zao wakiwa wajawazito. Hii huioni ukiwa umeshika glasi juani.

Na Novemba 2012, wafanyakazi wa De Doorns, bonde la zabibu za kula mkoa huohuo, waligoma. Kima cha chini kilikuwa kama randi 69 kwa siku. Kwa siku, sio kwa saa! Walidai 150, na baada ya vurugu na watu kupoteza maisha, serikali ikapandisha hadi 105 kuanzia Machi 2013. Sasa jiulize, mtu wa randi 69 angelipia kibali cha kuendesha baiskeli kwenye shamba analolipalilia mwenyewe?

Ila kuna kitu kizuri kilitokea pembeni kidogo tu. Stellenbosch ina kitongoji kinaitwa Kayamandi, makazi ya watu weusi tangu enzi za ubaguzi. Mwaka 2008 kijana wa hapo, Songo Fipaza, na rafiki yake Mswisi Christoph Sauser walianzisha mradi unaitwa songo.info. Huyo Sauser sio mtu wa mchezo, amebeba Cape Epic mara 5. Watoto wa Kayamandi wakapata baiskeli, mazoezi na msaada wa masomo, na baadhi yao wamekua mpaka wakakimbia hiyohiyo Cape Epic. Yaani mtoto aliyekuwa anaziangalia baiskeli kwa mbali naye sasa yuko mstarini.

Hiyo ndiyo picha ninayoitaka mimi. Sijaona staa wetu hata mmoja aliyeiposti.

SASA TURUDI NYUMBANI: MBUKWENYI DODOMA!

Zabibu tunazo. Mizabibu Dodoma ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1950, na Bihawana ndiko inakotajwa mpaka leo. Kuna Hombolo yenye bwawa lake, kuna Makutupora yenye kituo cha utafiti, mpaka kuna aina ya zabibu inayobeba jina hilo. Na Wasauzi watuonee wivu kidogo: wao wanavuna mara moja kwa mwaka, Dodoma inavunwa mara mbili.

Miinuko ipo, mawe makubwa yale ya Dodoma yapo, mibuyu ipo, vijia vya ng'ombe na vya watu wa baiskeli vipo tayari. Tangu 2024 SGR inafika, unatoka Dar asubuhi mchana uko Dodoma. Tunachokosa ni mtu wa kukaa na wakulima na serikali za mitaa na vijiji, wakubaliane njia ipite wapi, nani alipwe nini.

Najua mtakachosema. Kwanza, jua kali na mbigili, pancha kila hatua. Sawa, lakini hata Cape mbigili wapo na Februari jua linachoma. Watu wanaamka alfajiri, na fundi pancha wa kijijini anapata riziki. Pili, na hili ndilo la maana: "Mkulima anahangaika na soko la zabibu, wewe unamletea baiskeli?"

Ndiyo, namletea. Zabibu ikiiva haisubiri. Kiwanda kisiponunua, mkulima anabaki kukamua mchuzi na kutafuta pa kuuhifadhi, au zinaozea shambani. Baiskeli haitamaliza tatizo la viwanda, tusidanganyane. Lakini mgeni 1 aliyelala kwa mama fulani Hombolo, akala ugali wake wa uwele na mlenda, akanunua zabibu na chupa 2 palepale, ni mteja ambaye hajapita kwa dalali. Na kwa sababu Dodoma wakulima wengi wana eka chache chache, njia moja ikipita kwa watu 20, inabidi 20 wote waulizwe na wote wapate. Stellenbosch shamba moja kubwa linaweza kuamua peke yake. Kwetu hapo tumewazidi, kama tutaanza vizuri.

Tukianza vibaya je? Atakuja mtu mwenye hela, atanunua eka zote, ataweka geti, na yule mzee wa Phoenix aliyepita hapo miaka 30 ataambiwa alipe kibali. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko mbigili.

Kwa hiyo ombi langu kwa mastaa wawili wa kapuni: mna wafuasi mamilioni. Mkitua, safari inayofuata nendeni Dodoma. Mchukueni kijana wa kijijini awe kiongozi wa njia, mlipeni hela ya kueleweka, nunueni zabibu kwa mkulima bila kuomba za bure eti mtampa "promo", na muandike jina la kijiji kwenye posti. Mvinyo mnywe MKISHASHUKA kwenye baiskeli, sio kabla, tunawapenda bado.

Na sie wafuasi tuache hizi tabia. Ukiweza kumpa kopa staa wa helmeti, basi usimcheke babu wa keria. Babu anaendesha kilomita nyingi kuliko wote wawili, hana gia, na hapigi picha.

Watu wa Dodoma, Hombolo, Bihawana, mpo? Njia gani ya kwenu inafaa kuanza nayo? Na je, mngekubali ipite shambani kwenu, kwa shilingi ngapi? Tiririkeni hapo chini kwenye komenti.