Gari la Fahari Lililochakaa ni Mzigo kwa Mwenye Nalo

Kwa miaka mingi mkazi wa Bonga aliyetaka gari kubwa lenye kuendeshwa kwa magurudumu manne alikuwa na hoja isiyopingika. Njia ya kwenda Kondoa na Dodoma ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Leo hoja hiyo imepungua nguvu. Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ni ya lami. Na kipande cha Mela hadi Bonga, cha kilomita 88.8, ni sehemu ya kazi iliyozinduliwa rasmi na Rais John Magufuli tarehe 27 Aprili, 2018. Hata hivyo hamu ya mashangingi haikufa. Imebadili sura tu: zamani lilitafutwa gari la kupita kwenye tope, sasa linatafutwa gari la kuonekana kwenye lami.

Kupenda kitu kizuri si kosa. Mkulima aliyetoa jasho lake katika mahindi na mbaazi, au mfanyabiashara aliyelala nje akilinda mzigo wake, ana haki ya kutumia mapato yake apendavyo. Lakini haki hiyo inaambatana na wajibu wa kujua kinachonunuliwa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Mashangingi yanayofikiwa na mwananchi wa kipato cha kati ni yale yaliyokwisha kutumika sana: Toyota Land Cruiser ya toleo la 100, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2007, Range Rover ya muundo wa 2002 hadi 2012, Prado na Land Rover Discovery za wakati huo huo. Mengine hutoka Japani au Uingereza, mengine hununuliwa katika minada ya magari chakavu ya taasisi. Bei yake huvutia, maana imeshuka mpaka kukaribia bei ya gari dogo la juzi. Mnunuzi hudhani amepata bahati. Kumbe bei ya gari huzeeka, bali bei ya kipuri haizeeki. Gari lililokuwa la tajiri lilipokuwa jipya linaendelea kudai matunzo ya kitajiri hata likiwa mikononi mwa mtu wa kawaida.

Dola yenyewe imekwisha kulitambua jambo hili. Gari lisilo la kazi linaloingizwa nchini likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15, na likizidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Kenya haipokei kabisa gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Mwenye kununua gari kuukuu kutoka nje huanza, basi, kwa kulipa faini ya uzee wake kabla hata hajaligusa usukani.

Baada ya ushuru huja maradhi. Range Rover na Discovery nyingi za miaka hiyo hazikubebwa na springi za chuma bali na mifuko ya hewa ya mpira. Mpira hauhesabu kilomita peke yake. Huhesabu miaka pia. Hupasuka, hewa huvuja usiku kucha, na asubuhi gari hukutwa limelala upande kama ng'ombe mgonjwa. Kompresa inayojaza hewa hiyo hufanya kazi bila kupumzika mpaka nayo hufa. Baadhi ya Land Cruiser za toleo la 100 zina mfumo wa mafuta ya haidroliki badala ya hewa, na wenyewe una madai yake. Injini ya petroli ya lita 4.7 ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwa wakati uliowekwa na mtengenezaji. Lakini nani katika mnada ajuaye ulibadilishwa lini, iwapo hata namba za kilomita kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma na walaghai?

Prado za dizeli za lita 3 za aina ya 1KD zinatoa fundisho bora kuliko yote. Vizibo vidogo vya shaba vilivyo chini ya nozeli huchoka, moshi wa injini hupenya na kuingia katika oili, masizi huganda na kuziba chujio lililo chini kabisa, na injini hukosa oili ikiwa njiani. Kizibo ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo. Injini ni mtaji wa maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.

Mafuta nayo yasisahaulike. Kutoka Bonga hadi Dodoma na kurudi ni kilomita zipatazo 464. Gari linalokwenda kilomita 6 kwa lita litahitaji lita 77. Lile linalokwenda kilomita 13 litahitaji lita 36. Na tangu mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita, kila lita ya ziada imekuwa pia kodi ya ziada.

Mafundi wa Babati ni hodari. Wanajua giaboksi, bushi, rejeta na breki, na wameyafufua malori yaliyokatiwa tamaa. Lakini mitambo ya kielektroniki ya magari haya hudai mashine ya kusoma hitilafu, na vipuri vyake hufuatwa Arusha au Gerezani, Dar es Salaam, ambako kilicho halisi na kilicho bandia hukaa rafu moja. Fundi asiye na mashine hulazimika kubahatisha, na kila anapobahatisha anayelipa ni mwenye gari.

Wapo watakaosema kwamba lami haifiki kila kitongoji, na kwamba masika yakikolea ni gari kubwa pekee litakalomfikisha mgonjwa hospitali. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini inatetea gari imara la kazi, lenye springi za chuma na injini anayoifahamu fundi wa jirani. Haitetei viti vya ngozi na mifuko ya hewa. Gari lililosimama juu ya mawe halimpeleki mgonjwa popote.

Mapato ya mkulima wa Babati hupanda na kushuka. Mwaka 2017 India ilipozuia sehemu kubwa ya mbaazi kutoka nje, bei ilianguka na magunia yakabaki ghalani. Shangingi halina habari na soko. Likidai pampu mwezi wa Novemba, fedha itakayolipa ni ile ya mbegu na mbolea. Likidai giaboksi mwezi wa Januari, ni ile ya sare na mahitaji ya shule. Katika nyumba ya namna hiyo mke na watoto wanalipa gharama ya gari ambalo hawakulichagua.

Basi anayekusudia kununua na apime kwanza. Alipeleke gari kwa fundi asiye rafiki wa muuzaji, alipandishe mwinuko wa kuelekea Bereku aone kama linachemsha, aliache usiku mmoja aone kama litalala. Aulize bei ya vipuri kabla ya kuuliza bei ya gari. Kisha atenge akiba ya matengenezo, na asipoweza kuitenga ajue kwamba gari hilo halimudu, hata kama fedha ya kulinunua anayo mfukoni. Heshima ya mtu wa Bonga haikuwahi kukaa katika gari. Ilikaa katika shamba lililolimwa kwa wakati na watoto waliosomeshwa. Vitu hivyo viwili visiuzwe kununulia vipuri.