Kamera ya pili iwe ndugu wa ile ya kwanza

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto munaobakia nyumbani,

Hapa Lweba tumeanza kuchanga makuta ya kamera ya pili kwa safari zetu za kupiga picha kwenye mashimo. Mabishano ni mengi. Vijana wanataka kamera kubwa ya kisasa sawa na ya wanahabari wa Bukavu. Wazee wanasema simu inatosha. Mimi siko na hawa wala wale.

Kwanza, kwa nini ya pili? Wakati wa mvua uliopita tulitoka na pikipiki, Baraka, Fizi, mpaka upande wa Misisi. Kamera yetu moja ikaanguka kwenye matope, ikagoma kabisa. Siku iliyofuata udongo ukafunika shimo. Kijana mmoja hakutoka muzima. PDG wa shimo akasema kijana aliingia usiku kwa kuiba, na kwamba miti ya kushikilia udongo ilikuwa imara. Sisi tuliona kwa macho: miti haikukuwa. Kesho yake shimo likazibwa. Mjane amebakia na maneno tu, na mbele ya mwenye shimo maneno ya mjane hayana kilo.

Simu siidharau. Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilipobomosha mashimo na kuua watu karibu 50, picha za simu njo zilifikia dunia. Lakini mlangoni mwa shimo, fasi ya giza, picha za simu zetu hizi za bei ya chini zinatoka ukungu. Tena ukituma picha kwa WhatsApp inapunguzwa, na tarehe iliyofichwa ndani yake inapotea. Ukitaka kuonyesha ushahidi, hiyo ni hasara kubwa.

Sasa bwatie gani, ni kusema kamera yenyewe bila lensi? Ile tuko nayo, ambayo fundi amefufua, ni Canon 1300D. Betri yake, LP-E10, inaingia vilevile katika 1200D, 2000D na 4000D. Chaja moja, lensi zilezile. Kule tunachaji kwa jenereta ya watu, na tunalipa kila mara. Kubeba chaja za aina mbili ni ujinga. Vijana wananitajia 6D. Picha zake nzuri, sikatai. Lakini lensi yetu ya 18-55 haikubali kuingia pale, na betri ni nyingine. Zile mpya za R nazo zinataka kiungio ndipo lensi zetu zishike. Makuta ya kiungio yatoke wapi?

Kwa hiyo nachagua 2000D, ao 1300D nyingine iliyotumika. 4000D niiache: fasi ya kushikia lensi ni plastiki, na njia zetu munazijua. Ukinunua iliyotumika, piga picha ya mbingu na f/16. Ukiona madoadoa, vumbi limeshaingia ndani.

Hapo njo faida kubwa ya kamera mbili. Kila moja inabakia na lensi yake, hakuna kufungua katikati ya vumbi jekundu. Na zisipande pikipiki moja! Moja ikianguka ao ikikamatwa njiani, nyingine ifike. Kila jioni picha zinakiliwa kwenye kadi mbili, moja inarudi nyumbani kwa mama, ambaye hakuna mutu anamupekua kwenye kikapu cha samaki.

Neno moja kwa wapiga picha wetu: familia ya marehemu iombwe ruhusa kwanza. Na mtoto tukimukuta shimoni, kodi ya madini inakataza, lakini uso wake usionekane.

Makuta yatakayobakia tununue betri mbili zaidi na mfuko usioingia maji. Mwenye 2000D ya kuuza, Baraka ao Uvira, atujulishe, lakini asitupatie bei ya mzungu.