Shusheni Wimbo, Si Zoloto

Kuna ushauri unazunguka kwa kwaya na timu za sifa hapa Kenya: "Shusha zoloto!" Mimi si mwalimu wa muziki, chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini narekodi waimbaji kila wiki na nasema huo ushauri unaumiza watu.

Zoloto ni ile kitu hupanda shingoni ukimeza mate. Ukipiga mwayo, inashuka. Nyuzi za sauti ziko ndani yake. Ikiwa chini, njia ya sauti hadi midomoni inarefuka, sauti inakuwa nzito. Ikipanda, njia inafupika, sauti inang'aa, na ikizidi unaona mishipa ya shingo imesimama kama kamba za hema.

Sasa shida. Mtu akiambiwa ashushe, anasukuma ulimi nyuma na chini ndio zoloto ikandamizwe. Maze, anatoka akiimba kama mtu ako na ugali moto mdomoni. Ati opera! Weka kidole gumba chini ya kidevu ukiimba. Pakikazana kama jiwe, ulimi ndio unasukuma.

Na opera ina sababu yake. Pavarotti alifunzwa kusikika juu ya okestra bila maikrofoni. Johan Sundberg wa Sweden alieleza miaka ya 1970 vile zoloto ikiwa chini husaidia kukusanya nguvu ya sauti karibu na hezi 3,000, mahali okestra imepungua nguvu. Wewe uko na maikrofoni na spika kubwa kuliko mlango. Unashindana na nani?

Seth Riggs, aliyemfunza Michael Jackson, alitaka zoloto ibaki karibu na pale hukaa ukiongea. Niko upande huo, ingawa ukiimba juu kwa nguvu itapanda kidogo na hiyo si dhambi. Bora haijabanwa.

Lakini tuseme ukweli: mara nyingi zoloto haina makosa. Wimbo umechukuliwa juu vile uko kwa rekodi, ibada ni tatu, na dada anayeongoza ni alto. Jumatatu hana sauti, anapewa tangawizi na kuambiwa afanye mazoezi zaidi. Si mpiga kinanda ashushe toni mbili tu? Hakuna mtu kanisani atajua. Na kama sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, wacha tangawizi, mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo.