Daftari la Wiki: Saa za Angani, Saa za Chini

Kutoka Bujumbura hadi Brussels ni kilomita zipatazo 6,450, zikipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Ndege kubwa ya abiria hukata kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, safari isiyo na kituo ingechukua saa nane hivi. Lakini kwa miaka mingi Brussels Airlines imeiunganisha Bujumbura na Kigali au Entebbe katika safari moja, na hapo hesabu hubadilika.

Umbali wenyewe hauongezeki sana. Kigali iko kilomita 175 tu, tena upande huohuo wa kaskazini; kupitia huko huongeza kama kilomita 60, yaani dakika nne au tano za mwendo. Kinachokula saa nzima na zaidi ni mambo ya chini: wengine washuke, wengine wapande, mizigo ipakiwe, ruhusa ya kuruka ingojewe. Njia ya Addis Ababa ndiyo ndefu kweli, kilomita 900 zaidi, na saa za ndege za kuunganisha zisipooana vizuri abiria hukesha kwenye viti vya uwanja.

Tatizo hili la muda kupotea chini ni la zamani. Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Alifika baada ya siku 51, ilhali angani alikaa saa 75 tu. Siku nyingine zote zilipotea chini, kwa matengenezo na hali mbaya ya hewa.

Uwanja wa Bujumbura, uliopewa jina la Rais Melchior Ndadaye mwaka 2019, uko kwenye tambarare kaskazini-magharibi ya mji. Mtaa wa Mutanga Nord uko upande wa milima, na kati yake na uwanja, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita kumi. Safari hiyo fupi ndiyo isiyotabirika. Katika miaka hii ya uhaba wa esansi, gari la kwenda uwanjani hutafutwa mapema, na bei hupatanwa kabla sanduku halijafungwa. Abiria anatakiwa awe amefika saa mbili au tatu kabla ya ndege kuruka. Kwa hiyo kwenda Kigali, ambako ndege hutumia chini ya saa moja, ni kazi ya nusu siku.

Saa za ukutani nazo zina vituko vyao. Nairobi imetangulia Bujumbura kwa saa moja. Anayeondoka Bujumbura saa nne asubuhi kwa safari ya saa moja na nusu hutua Nairobi saa sita na nusu. Akirudi, akiondoka Nairobi saa nne hutua Bujumbura saa nne na nusu. Brussels huwa na saa moja na Bujumbura kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba, kisha hubaki nyuma kwa saa moja majira yote ya baridi.