Farasi Kavunjika Mguu, Madaktari Wanabishana: Umsikilize Nani?

Wiki hii tunaingia zizini, mnaoogopa mateke kaeni nyuma.

Tuseme farasi wako kavunjika mguu. Daktari wa kwanza anasema, "Apasuliwe, atapona huyu." Wa pili anatikisa kichwa: "Usimtese bwana, mchome sindano ya kumpumzisha." Wote wana vyeti ukutani, na wote watataka chao. Sasa wewe mwenye mali ushike lipi?

Elewa kwanza ugomvi wao. Binadamu akivunjika hufungwa hogo, akalala na kuletewa uji kitandani. Farasi ana kilo kama 500 na hakubali kulala wiki nzima. Lazima asimame, na mguu mzima ubebe mzigo wa mwenzake. Ukielemewa, nyama inayoshikilia mfupa ndani ya kwato huvimba na kuachia. Kwa hiyo daktari mmoja anautazama mfupa uliovunjika, mwenzake anaihofia kwato ambayo bado haijaugua.

Yametokea kwa wakubwa. Julai 6, 1975, farasi jike Ruffian alivunjika mguu wa mbele mbioni huko New York. Akapasuliwa usiku uleule. Alipozinduka kutoka nusu kaputi akarusha miguu kama vile bado yumo mbioni, akajivunja upya. Hakukucha naye.

Barbaro, bingwa wa Kentucky Derby, alivunjika mguu wa nyuma Mei 20, 2006. Dakta Dean Richardson akauunga kwa skrubu 27. Mfupa ukaanza kushika, watu wakashangilia. Julai kwato ya mguu wa pili ikaharibika. Januari 29, 2007, wenyewe wakasema basi, na hao hawakuwa watu wa kuhesabu vijisenti.

Kwa hiyo ndugu yangu, usimfuate daktari mwenye sauti kubwa wala mwenye bei poa. Waulize wote maswali yaleyale. Eksirei inaonyesha nini? Ile miguu mitatu ina hali gani? Maumivu ya wiki za mwanzo tutayatuliza vipi? Akipona atapandwa, au atakula majani tu? Na dalili ipi ikitokea, tuache? Anayelijibu hilo la mwisho bila kuzungukazunguka, huyo ndiye wa kumsikiliza. Jibu lake liandike mapema, maana siku ikifika machozi hayatakuruhusu kufikiri.

Na wewe mwenye punda usicheke. Huyo ni wa ukoo huohuo, tena ni bingwa wa kuficha maumivu. Akisusa chakula, mafuta hufurika kwenye damu na yanaweza kumuua huku kidonda kinapona. Ukiona hagusi majani, mwite bwana mifugo leoleo, usingoje kesho.

Haya, tukutane wiki ijayo.