Kikaacho Bure Nyumbani Hulipiwa Kodi

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya vyombo vilivyolala nyumbani bila kazi. Huenda mtu akasema kwamba jambo hili ni dogo, halistahili kuandikwa gazetini. Lakini mwenye kulihesabu vema ataona kwamba chombo kisichotumika hulipiwa kila mwezi, ijapokuwa hakuna anayetoa stakabadhi.

Tutazame Nyalenda, mtaa ulio upande wa kusini wa mji wa Kisumu. Watu wengi wa huko hukaa katika vyumba vya kupanga, na mara nyingi chumba kimoja ndicho sebule, ndicho jiko, ndicho mahali pa kulala jamaa nzima. Hata hivyo ndani yake utakuta kabati lililong'oka mlango, televisheni isiyowaka, jiko la mafuta ya taa lililoachwa siku liliponunuliwa la gesi, na baiskeli ya mtoto ambaye sasa ni kijana mwenye ndevu. Ukimwuliza mpangaji mbona haviondoi, atajibu, "Vitafaa siku moja."

Haya, na tufanye hesabu. Tuseme chumba kina futi 10 kwa 10, yaani futi 100 za mraba, na kodi yake ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Ikiwa vyombo hivyo vimeshika futi 20, basi vimeshika sehemu ya tano ya chumba. Sehemu ya tano ya kodi ni shilingi 600, na kwa mwaka ni shilingi 7,200. Kumbe mpangaji amewapangisha makabati mabovu, naye hapokei hata senti moja. Ni kweli kwamba mwenye nyumba hatapunguza kodi kwa sababu umeondoa kabati. Lakini mahali pale patafaa kuwekwa meza ya mtoto kusomea, au cherehani ambayo mama alikuwa akiishonea nje juani.

Tena kuna hatari ya maji. Mto Auji hupita karibu na makao ya watu, na masika yakizidi, maji huingia majumbani. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita kiasi, na watu wengi wa pwani yake walihama. Makochi yaliyolowa tope hayana mnunuzi, bali fedha iliyowekwa akiba hailowi.

Wako wanaoona haya kuuza, wakidhani majirani watasema wamefilisika. Fikra hii haifai. Sisi sote twavaa mitumba iliyokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, wala hatuoni haya. Huko Marekani mtu mwenye mshahara mzuri hutandaza vyombo vyake mbele ya nyumba siku ya mapumziko, akawauzia wapitao njia. Ikiwa si aibu kununua kilichotumika ng'ambo, itakuwaje aibu kuuza kilichotumika Nyalenda? Soko la Kibuye, linalojulikana sana kwa gulio lake la Jumapili, haliko mbali. Fundi wa jua kali naye hununua hata kilichovunjika, kwa kuwa ajua kukitengeneza.

Jambo kubwa ni wakati wa kuuza. Wengi wetu hungoja mpaka Januari, karo ya shule inapodaiwa, ndipo tubebe redio mbio mbio kutafuta mnunuzi. Siku hizo kila mtu auza na wachache wana fedha, na mnunuzi akiona una haraka, atakupa nusu ya bei. Auzaye mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imelipwa, au baada ya mavuno, huuza kwa hiari yake. Safisha chombo kwanza, uliza bei kwa watu watatu, na kasoro yake uitaje wazi. Vyuma chakavu viuze kwa mfanyabiashara mwenye leseni, kama Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inavyotaka, nawe uitazame mizani kwa macho yako mwenyewe.

Lakini si kila kitu kiuzwe. Chombo cha kazi ni mzazi wa fedha: jembe, cherehani, wavu wa mvuvi, baiskeli inayopeleka maziwa. Auzaye vitu hivyo apate kununua unga wa juma moja, juma la pili atakosa unga na chombo pia.

Wala mtu asiuze kwa siri. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema kwamba vyombo vya nyumba wanamokaa mume na mke ni mali ya ndoa, wala haifai mmoja kuviuza bila idhini ya mwenzake. Bwana asije akauza sufuria za mkewe na kusema anabana matumizi. Kadhalika mwandikie mnunuzi hati fupi yenye tarehe, bei na sahihi zenu. Kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa ambalo kifungu chake hufika miaka 14, na hati hiyo huwaondolea nyote wawili mashaka.

Sasa tufikie kiini cha maneno yetu. Kuuza peke yake si kuweka akiba. Wako waliouza kabati la zamani siku ya Jumamosi, na Jumatatu wakakopa kabati jipya la kulipia kidogo kidogo. Hao wamebadili uchafu kwa deni. Fedha ipewe kazi yake kabla haijafika mkononi: karo, mbegu, au kulipa deni la dukani. Siku hizi mnunuzi hulipa kwa simu, na fedha ya simuni, kama tulivyoona tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ni nyepesi kuondoka. Basi siku ile ile uihamishe benki, au kwa mweka hazina wa chama chenu. Na mahali palipoachwa wazi pasijazwe na chombo kingine kwa muda wa miezi sita.

Jumamosi hii, wewe na jamaa yako chukueni daftari, mkaandike kila chombo ambacho hakikuguswa tangu masika ya mwaka jana. Kando ya kila jina andikeni bei mnayoitumaini, na kazi ambayo fedha hiyo itafanya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.